Uzi: Tulichangisha miezi saba kwa ajili ya moyo wa mpwa wangu, kumbe hakuna hospitali iliyokuwa imetuomba kiasi kile

Mjomba wa Kibondo (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wiki hii nimetumiwa matangazo matatu ya michango ya upasuaji wa moyo wa watoto kwenye makundi ya simu. Nimechangia mawili. Ila yote matatu yana kosa tulilolifanya sisi, na lilikaribia kumuua mtoto. Naomba mnivumilie, ni marefu.

Nilikuwa mweka hazina wa mchango wa mpwa wangu, binti wa dada yangu wa damu. Alizaliwa Kibondo, uzito mzuri tu. Shida ilianza kwenye kunyonya: anavuta mara mbili tatu, anaachia, anahema, paji la uso limelowa jasho. Bibi akasema ni joto. Anatimiza mwaka ana kilo saba. Nimonia tulitibu mara tano katika vituo tofauti, kila mara tunapewa sindano, anapata nafuu, wiki tatu baadaye kifua kimerudi. Alipofika miaka mitatu na ushee, daktari mmoja kijana aliweka kipimo chake kifuani akasikiliza muda mrefu, akakiondoa, akasikiliza tena. Akamwandikia dada barua ya rufaa: mtoto akapigwe eko ya moyo, kile kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti.

Hapo ndipo tulipopotea. Neno "moyo" lilipofika nyumbani, jamaa mmoja aliyewahi kumsindikiza mgonjwa India akasema hiyo si chini ya milioni 25. Hakusema kwa ubaya, alisema alichokiona miaka ile. Lakini toka siku hiyo hakuna aliyeuliza tena. Barua ya rufaa ikawekwa kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati, na sisi tukaunda kamati ya kutafuta milioni 25.

Kamati tuliijua kwa sababu ya harusi. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, daftari la ahadi, kikao kila Jumapili. Tulipita kanisani, tukapita msikitini, kwenye kikoba cha dada, kwa walimu wa shule niliyosoma. Kuna mama anauza dagaa sokoni, alileta shilingi 2,000 kila Jumamosi kwa wiki kumi na moja bila kukumbushwa. Daftari ninalo hadi leo, na jina lake limejaza ukurasa mzima.

Miezi saba tukapata milioni 5 na laki 5. Sote tukawa tunaangalia pengo la milioni 19 na laki 5. Mtoto hakuna aliyekuwa anamwangalia. Alikuwa ameacha kwenda hata kwa jirani, anakaa kizingitini anawatazama wenzake. Usiku mmoja saa tisa dada akanipigia, analia, mtoto anahema mbavu zinaingia ndani. Nikamwambia kukicha panda basi, milioni 25 tutazikuta mbele.

Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, walimpiga eko siku ileile. Tundu kubwa kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo. Daktari akaitazama barua ya rufaa, akauliza kwa upole: hii ni ya miezi saba iliyopita, mlikuwa wapi? Dada akasema tulikuwa tunatafuta hela. Akauliza, nani aliwaambia ni hela ngapi?

Sikuwa na jibu.

Akatueleza. Tundu likiwa kubwa, damu inavuka kutoka upande wenye nguvu kwenda upande unaopeleka mapafuni, na mapafu yanapokea damu nyingi kwa msukumo ambao hayakuumbiwa. Mishipa ya mapafu inajikinga kwa kuwa minene na migumu. Ikishakakamaa kabisa, kuziba tundu hakumsaidii tena mtoto, kunaweza hata kummaliza. Kwa hiyo walilazimika kwanza kuingiza mrija kupitia mshipa wa kwenye nyonga hadi kwenye moyo, wapime msukumo huo, waone kama bado inafaa. Tulisubiri majibu siku tatu. Katika siku zile nilifikiria zile Jumapili za vikao.

Majibu yalitoka kwamba bado inafaa. Alipasuliwa kwenye kambi, wale madaktari wa nje wanaokuja kufanya kazi pamoja na wa kwetu kwa wiki nzima. Sasa anakimbiza kuku. Kwa hiyo anayeanza leo namsihi: usianze na pesa, anza na eko. Kiasi cha kuchangisha kiandikwe na hospitali. Jirani hawezi kukijua.

Mchikichi

Mkuu pole na hongera. Mimi niko upande wa wachangiaji. Nimechangia watoto wa moyo mara tatu, mara mbili ikawa utapeli, picha ileile ya mtoto ina jina lingine na mkoa mwingine. Sasa nikiona tangazo napita. Roho inaniuma lakini napita. Wewe ulifanyaje watu wakuamini?

Mjomba wa Kibondo

@Mchikichi nakuelewa, na sisi tuliguswa. Mwezi wa tatu wa mchango, mtu alichukua picha ya mpwa wangu tuliyoirusha, kifua wazi, machozi, akaiweka kwenye ukurasa wake na namba yake ya simu. Tuliambiwa na mtu aliyekuwa ameshatuma elfu hamsini huko. Dada alilia kuliko siku aliyoambiwa habari za moyo. Tuliripoti, ukurasa ukafutwa, hela haikurudi.

Tulijifunza mambo mawili. La kwanza, toka hapo picha ya mtoto hatukutoa tena. Kuna Sheria ya Mtoto ya 2009 na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata bila sheria, huyu binti atakuwa mkubwa, ataolewa, hatakiwi kukutana na kifua chake kwenye simu za watu. Badala ya picha tukaweka barua ya serikali ya mtaa na barua ya rufaa iliyofichwa namba ya jalada.

La pili tulilijua tukiwa tumeshachelewa, baada ya kufika Muhimbili. Hospitali ya umma inakutolea namba ya malipo ya serikali, ile tunayoiita kontrol namba. Imefungwa kwenye bili ya mtoto. Mchangiaji analipia kwa simu au benki, hela inaingia hospitali, mimi mweka hazina siigusi. Ningelijua mwanzo, ningewaambia watu wa ahadi kubwa wasubiri namba itoke. Ndogondogo za nauli na chakula ndizo zipite kwa kamati, na hizo zikae kwenye akaunti ya kikundi ambayo kutoa kunahitaji watu zaidi ya mmoja kukubali. Mfuko wa mtu mmoja hapana, hata mtu huyo akiwa mchungaji.

Kwa hiyo ukiletewa tangazo usipite tu. Uliza: kontrol namba ipo? Kama mtoto bado hajafika hospitali kubwa, mchangie nauli ya kufika, na iwe hiyo tu.

Nesi wa Zamu

Naunga mkono kutoka ndani. Sisemi nafanya kazi wapi.

Wazazi wanaosoma hapa, dalili ni hizi. Mtoto mchanga anayenyonya kwa kusitasita na kutoka jasho. Asiyeongezeka uzito ingawa anakula. Kifua kinachorudirudi. Midomo, ulimi na kucha kuwa vya bluu au zambarau, hasa akilia. Mtoto mkubwa kidogo anayekimbia hatua chache kisha anachuchumaa: wengi wanadhani ni michezo, kumbe kuna ugonjwa wa moyo ambao kuchuchumaa kunampa nafuu, damu inayofika mapafuni inaongezeka. Ukiona anachuchumaa hivyo kila mara, mwahishe. Mtoto mwenye Down, ile hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha akili na ukuaji, naye apimwe moyo hata kama anaonekana mzima, karibu nusu yao wana tatizo.

Kati ya watoto 100 wanaozaliwa hai, karibu mmoja ana hitilafu ya moyo. Si laana, si mama alikula nini. Na si wote wanaopasuliwa. Matundu mengine madogo yanajifunga yenyewe chini ya uangalizi, na kuna mshipa ambao ulitakiwa ujifunge siku za mwanzo baada ya kuzaliwa, usipojifunga mara nyingi unazibwa kwa mrija kupitia nyongani, bila kufungua kifua. Ndiyo maana mtu hawezi kukutajia bei kabla ya eko.

Ambayo familia zinasahau: damu na meno. Upasuaji unahitaji damu, na ndugu wataombwa kuchangia. Njooni na watu wenye afya, hiyo haiuzwi wala hainunuliwi. Na meno yaliyooza hutibiwa kwanza, kwa sababu vijidudu vya mdomoni vinaweza kupita kwenye damu vikakaa kwenye moyo. Nimeona mtoto akikosa nafasi yake kwa sababu ya jino.

Mjomba wa Kibondo

Asante sana dada Nesi. Kwenye damu tulikuja watu sita, wanne wakafaa. Jino tulikuwa nalo moja, likang'olewa mapema.

Bint Unguja

Assalam aleikum. Wa Zanzibar tuna njia yetu nayo naomba niiseme, kwa sababu wengi wa bara hawaijui. Watoto wetu wengi walioonekana na maradhi ya moyo hospitali yetu ya Mnazi Mmoja walipelekwa Israel, mji wa Holon, hospitali ya Wolfson, na taasisi inayoitwa Save a Child's Heart. Mtoto wa ami yangu alikuwa mmoja wao. Hawakulipishwa matibabu.

Taasisi ile ilianzishwa 1995 na daktari Ami Cohen. Alifariki 2001 akipanda Kilimanjaro. Mie nikiutazama ule mlima kwenye picha humkumbuka mtu ambaye sijapata kumuona. Na hawakuchukua watoto tu, wamesomesha na madaktari. Dokta Godwin Godfrey, aliyetoka hospitali ya Bugando kule Mwanza, alikwenda kusomea upasuaji wa moyo wa watoto hukohuko, akarudi kufanya kazi nyumbani.

Ninalotaka kusema: msaada upo, lakini unampata mtoto aliyekwishapimwa na aliyeandikwa kwenye orodha. Wakija wageni kwa kambi, majina yanatoka kwenye mafaili. Mtoto aliye nyumbani anayechangishiwa hayumo.

Mjomba wa Kibondo

@Bint Unguja umeliweka vizuri kuliko mimi. Sisi tulipofika tuliambiwa kambi iliyopita ilikuwa miezi miwili nyuma. Angekuwa na faili, huenda angeitwa.

Niongezee kwa vijana wasiojua tulikotoka. Upasuaji mkubwa wa moyo ulianza kufanyika Muhimbili 2008. Kabla ya hapo ilikuwa India au kaburi. Taasisi yenyewe ilisimama 2015. Yule jamaa wa milioni 25 alikuwa bado anaishi kwenye nchi ya zamani, na sisi tukaishi naye miezi saba.

Mama Mvumilivu

Nimesoma uzi wote nikiwa nimeshika mdomo. Mwanangu alikuwa na mwaka na miezi minne. Nilichangisha miezi minne nikapata laki mbili na nusu. Alipofariki, ndani ya siku tatu za msiba rambirambi zilifika laki nane na elfu thelathini. Ninazo hesabu kwa sababu shemeji aliandika. Watu walewale. Simlaumu mtu. Nauliza tu, kwa nini?

Mjomba wa Kibondo

Dada pole. Sitakupa jibu la haraka.

Nimefikiri hivi. Msiba una siku, una nyumba ya kwenda, una daftari mezani, na kila mtu anajua kiwango chake. Ugonjwa wa mtoto hauna siku. Mtu anasema nitatoa mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi una mambo yake. Sisi ahadi nyingi zilitoka siku tulipoweza kusema "analazwa Jumatatu". Ndani ya siku nne hizo zilikuja laki tisa, jumla ikafika milioni 6 na laki 4, na nyingi zilitoka kwa watu walioahidi miezi mitano nyuma. Tarehe ya kulazwa ilifanya kazi ambayo vikao vya Jumapili vilishindwa. Na tarehe unaipata hospitali.

Mwanao apumzike kwa amani. Asante kwa kuandika hesabu hiyo hapa.

Mtu wa Muskati

Salamu kutoka Muskati. Sisi huku tuna kikundi cha Waswahili, kila mwezi tunatoa riali mojamoja au tano kwa wagonjwa wa nyumbani. Tunaletewa maombi mengi, hatujui la kweli. Tukipata hiyo namba ya malipo tufanyeje?

Mjomba wa Kibondo

Ndugu, mchagueni mtu wenu mmoja aliyeko Dar au Unguja mnayemwamini. Aende hospitali na mzazi, alipe yeye kwa ile namba, stakabadhi yenye jina la mtoto airushe kundini kwenu. Na akiwa pale aulize ofisi ya ustawi wa jamii nani amekwama. Wale maofisa ndio wanaozifanyia tathmini familia zisizo na uwezo, wanajua mama gani amelala kwenye benchi siku ngapi. Mtapata maombi ya kweli kuliko yanayozunguka kwenye simu.

Mchikichi

Mkuu, samahani, swali gumu. Milioni 6 na laki 4 zilikwenda wapi? Si kwa ubaya.

Mjomba wa Kibondo

Si swali gumu, ndilo linalotakiwa. Niliwasomea kamati na wachangiaji wote, nasoma na hapa.

Hospitali tulilipa 1,900,000. Makadirio yalikuwa makubwa zaidi, ila ustawi wa jamii walituhoji na sehemu kubwa ikabebwa na kambi. Nauli za Kibondo na Dar, mama na bibi, kwenda na kurudi mara tatu, 840,000. Chakula, dawa za kununua nje na usafiri wa mjini kwa wiki kumi, 1,240,000. Kulala walilala kwangu Mbagala, vyumba viwili watu saba. Asiye na ndugu Dar aongeze kodi ya chumba, na hiyo ni kubwa. Makato ya kutoa hela kwenye simu, 78,000. Na 600,000 tulimpa dada afufue genge lake, maana alipoondoka wiki kumi nyanya zilioza, wateja wakahama na mkopo wa kikoba ukabaki palepale. Hiyo tulipiga kura. Watu wawili walikataa, wakisema hela ilichangwa kwa moyo wa mtoto. Niliwaelewa, lakini mtoto aliyepasuliwa anarudi kula nyumbani kwa nani?

Jumla 4,658,000. Ikabaki 1,742,000.

Hapo kamati ilitaka kugawana, wengine kurudisha, mwingine akasema tufanye sherehe ya shukrani. Mimi nikapendekeza tupige simu kwa wachangiaji waliotoa elfu ishirini na zaidi, tuwaulize. Simu arobaini na tatu, jioni mbili. Wengi walisema mpe mtoto mwingine. Kitanda cha jirani kulikuwa na mvulana kutoka Mtwara, baba yake mvuvi, mtoto anahitaji vali, ule mlango wa ndani ya moyo unaozuia damu isirudi nyuma. Tukaomba kontrol namba yake, tukalipa 1,200,000. Baba yake hakusema neno, alinishika mkono akakaa nao.

Zilizobaki 542,000 ni nauli za kliniki. Ugonjwa huu hauishi siku ya kutoka wodini. Mpwa wangu anarudi kila baada ya miezi sita. Kuna mtoto tulilazwa naye, alipona vizuri, wakashindwa nauli ya kliniki ya pili. Hakuna tangazo hata moja nililowahi kuliona linalochangisha nauli ya kliniki.

Nesi wa Zamu

Hapo kwenye vali niongeze neno. Watoto wakubwa wengi wenye vali mbovu hawakuzaliwa na tatizo hilo. Ni madonda ya koo yasiyotibiwa, yanaleta homa ya baridi yabisi, homa inakula vali za moyo polepole. Mtoto aliyekwishaipata anatakiwa sindano ya benzathini, aina ya penisilini, kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi, bila kuruka. Koo la mtoto lisiachwe kwa chumvi na maji ya moto peke yake.

Mkata Tiketi wa Shinyanga

Kwenye michango ya mbio mnasemaje? Mimi nilikimbia CRDB Marathon, walisema pesa zinakwenda kwa watoto wa moyo.

Mjomba wa Kibondo

Zinakwenda, na ni jambo jema. Ile ya kwanza 2020 ilikuwa kwa ajili ya watoto hawa pale Taasisi ya Moyo. Endelea kukimbia ndugu yangu. Lakini hela hizo nazo zinamkuta mtoto aliye kwenye orodha.

Baba Kahama

Wakuu nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mwanangu wa kiume, miaka mitatu. Huyo wa kuchuchumaa aliyemsema dada Nesi ndiye yeye. Kucha zake za bluu. Tuna rufaa tangu mwezi uliopita, tumekusanya laki tatu na nusu, ndugu wameniambia nisubiri zifike hata milioni tano ndipo niondoke. Nifanye nini?

Nesi wa Zamu

Usisubiri. Akibadilika rangi ghafla akawa anahema sana, mkunje magoti yaguse kifua, mtulize asilie, na mkimbie kituo cha karibu chenye oksijeni. Njiani mpe maji ya kutosha, asikaukiwe.

Mjomba wa Kibondo

Baba, laki tatu na nusu inakufikisha. Beba barua ya rufaa, kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa kama kipo, barua ya serikali ya mtaa na kadi ya bima kama unayo. Ukifika waambie wazi huna uwezo, omba kuonana na ustawi wa jamii siku ya kwanza, usione haya. Mchango usiuvunje, mwachie mdogo wako daftari, wewe ukipata makadirio ndipo umtumie kiasi halisi awasomee watu.

Ukishuka Stendi ya Magufuli usichukue usafiri wa mtu anayekuvuta mkono. Nitakuja mwenyewe. Nitumie ujumbe wa faragha jina la basi. Kwangu kuna godoro.

Baba Kahama

Nimekata tiketi ya kesho alfajiri. Mama yake ndiye atakayempakata, mimi nabeba maji.

Mama Mvumilivu

Ndugu Mjomba, nipo Kimara. Nitapika. Nitawaletea wodini.

Baba Kahama

Tumeshapita Singida. Amechoka lakini anaongea, anauliza Dar kuna ng'ombe.

Mjomba wa Kibondo

Nipo stendi tangu saa kumi, upande wa mabasi yanayoshusha, nimevaa fulana ya kijani. Mwambie wapo.